Bahari hunilevya, nami hukaa pwani

Babu yangu alikuwa nahodha. Mimi nikipanda boti ya kwenda Mokowe tu, pale ng'ambo, huwa nimeng'ang'ania ubao, macho nimefumba na roho iko kooni. Kwa hivyo kazi nilichagua ya nchi kavu: nashona matanga na kuyatia viraka, hapa Langoni, Lamu. Na starehe yangu ni kutazama mashua zikishindana, mimi miguu yangu iko mchangani.

Siku ninayoingoja kuliko zote ni mosi Januari, mbio za Shela. Kaskazi imekolea, joto halijawa kali, na ng'ambo ya mkondo Manda unaiona kama uliyochorewa. Hutoka mjini asubuhi kwa miguu, njia ya pwani, kama kilomita tatu. Ila uliza maji kwanza. Mwaka mmoja mke wangu alikuwa bado anakaanga mahamri, nikasema siondoki bila mahamri. Nilipofika katikati ya njia bahari imeshajaa mpaka ukutani. Nikavuka kikoi nimekikunja, mahamri kichwani, na watoto juu ya punda wakinicheka: "Ami, leo umekuwa baharia!"

Watu wengi hukaa mwisho wa mbio, kwenye vigelegele. Mimi naona wanapoteza siku yao. Mashua hushinda au hushindwa boyani, pale pa kugeuza. Tanga letu limefungwa kwenye foromali, na foromali si fimbo, ni mti mrefu. Nahodha akigeuza kupiga bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo, lazima isimamishwe, ipitishwe mbele ya mlingoti na tanga lake lote, ishushwe upande wa pili. Wakati huohuo wale waliokaa nje juu ya ubao, makalio yakining'inia baharini ili chombo kisilale, wanarudi ndani mbio, wanauvuta ubao, wanausukumia upande mwingine, wanautambaa tena. Haya yote tanga linapigapiga na chombo kimesimama. Hapo ndipo utajua mabaharia gani wamekulia chombo kimoja na gani wameokotana jana barazani.

Upepo ukilegea utaona mmoja anachota maji kwa kopo, analimwagia tanga. Mgeni mmoja aliniuliza kama wanafanya mzaha. Nikamwambia pamba ikilowa nyuzi huvimba, vitundu huziba, upepo haupenyi. Alitikisa kichwa kwa adabu, nadhani hakuniamini.

Binamu yangu wa Mombasa ana ugonjwa wake mwingine: kriketi. Ulimpata mwaka 2003, Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na haujapona. Nilipomtembelea alinichukua kiwanjani tukakaa toka asubuhi mpaka jua likageuka. Mwanzo sikuelewa hata nani anamfukuza nani. Halafu nikaona ni yaleyale yetu: unakula, unapiga soga, unasinzia kidogo, na jambo lenyewe linatokea kwa kufumba na kufumbua, mpira umegonga vijiti na mpigaji anaondoka kichwa chini. Asiyejua pa kutazama hukosa. Kivuli chao kizuri, chai yao ya maziwa mengi mno.

Mbio za punda wakati wa Maulidi nazo siziachi, ingawa pale ukutani huwa pamefurika hata pa kuweka unyayo hapapatikani. Punda hana habari na mashindano. Mmoja aliyekuwa anaongoza aliona kichochoro cha kwao akaingia, na kijana wa watu mgongoni.

Lakini nilitaka kueleza habari ya mwaka huu. Mashua moja ilikuwa na tanga langu, jipya, kazi ya wiki tatu. Nilikaa mkabala na boya la mbali, kofia nimeivuta machoni. Walikuwa wa pili, wakageuza vizuri sana, foromali ikapita kama mlango uliotiwa mafuta, wakawa wa kwanza. Nikasimama. Kaskazi ikavuma mara moja, kwa nguvu, na nikasikia mlio ninaoujua hata usingizini. Mshono wa kati. Ulifunguka kutoka juu hadi karibu na chini, na mbingu nikaiona katikati ya tanga.

Uzi ule niliujua. Niliununua rahisi mwezi wa Novemba, nikajidanganya kwamba ukipakwa nta utashika.

Sikungoja mwisho. Nilirudi mjini na jua la saa nane, mahamri yamebaki matano, nikayagawa njiani.

Siku ya tatu yake nahodha alikuja, tanga limebebwa na punda. Akalishusha mlangoni. Hakusema neno. Nikamtolea kahawa, akanywa kikombe, akanyoosha mkono apewe cha pili. Mimi nilikuwa nimeshaketi chini, shazia, ile sindano ya matanga, mkononi, nimeanza kufumua.

"Uzi gani safari hii?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akauvuta baina ya vidole, akaufunga kwenye kidole gumba mpaka kikawa cheupe, akanirudishia.

"Ijumaa," akasema, akamgeuza punda wake.