Mara Arobaini

Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dodoma, nikisomea ualimu wa Historia na Kiswahili, na chumba chetu cha hosteli kilikuwa na watu watatu wasiofanana kwa lolote. Mmoja tulimwita Injinia, kwa sababu alikuwa anasomea uandishi wa programu za kompyuta na hakuacha siku ipite bila kutukumbusha. Mwingine alikuwa Mwalimu, mtu mzima mwenye mke na watoto Singida, aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi kabla hajarudi kutafuta digrii. Huyu tulimwamkia kila asubuhi, hata kama usiku wake tulikuwa tumegombana naye kuhusu kuzima taa. Wa tatu mimi.

Michezo ya kompyuta sikuwa na habari nayo. Niliyoiona ilikuwa ya mpira na ya kupigana risasi, na yote ilikuwa inanishinda vidole. Injinia alikuwa na michezo ya namna nyingine kabisa kwenye laptopu yake, ile ya mafumbo ambayo ili ushinde lazima uandike maelekezo, kama mtu anayeandika programu. Kwanza alinionyesha TIS-100, na nikamrudishia mashine yake upesi. Skrini nyeusi, maandishi yamejaa, na kitabu cha maelekezo cha kusoma kabla hujaanza kucheza. Nikamwambia kazi kama hizo ninazo maktaba.

Ndipo akafungua Human Resource Machine, mchezo wa kampuni ndogo ya Kimarekani iitwayo Tomorrow Corporation, uliotoka 2015. Huu ukanikamata.

Wewe una karani katika jengo refu la ofisi. Kushoto kwake kuna mkanda unaoleta masanduku yenye namba, kulia kuna mkanda wa kuyapeleka, na katikati sakafuni kuna vigae vichache ambapo anaweza kuacha kitu. Bosi anasema anachotaka. Karani humwongozi kwa kubonyeza huku na huku. Unamwandikia orodha ya amri, unamruhusu aanze, kisha unakaa unamtazama akitii neno kwa neno. Ukikosea anakosea vilevile ulivyokosea, kwa uso uleule wa adabu.

Tabu yake ni kwamba anashika kitu kimoja tu. Akichukua kingine, cha kwanza kimetoweka. Amri zenyewe ziko kwa Kiingereza, lakini chumbani tulikuwa na majina yetu: chukua, peleka, weka nakala, jumlisha, toa, rudi mwanzo. Ukimwambia aweke nakala kwenye kigae, inabaki pale na yeye anaendelea kuishika ile aliyokuwa nayo. Ukimwambia ajumlishe, anakwenda kwenye kigae unachomtajia na kuongeza namba iliyopo juu ya ile aliyoishika. Kuzidisha hajui. Kugawanya hajui. Na kila fumbo linahesabiwa kuwa mwaka mmoja kazini, kiasi kwamba unavyopanda ghorofa karani anazeeka mbele ya macho yako. Mwalimu alipogundua hilo alicheka mpaka akakaa kitandani, akasema yeye mchezo huo ameshaucheza, na bila kompyuta.

Ukifaulu fumbo, unaruhusiwa kupita. Hapo ndipo mtego ulipo, maana pembeni kuna malengo mawili ambayo hakuna anayekulazimisha uyafikie: idadi ya amri ulizoandika, na idadi ya hatua alizopiga karani. Mtu mwenye akili zake angepita tu. Sisi tukawa hatupiti.

Usiku ninaoukumbuka ulikuwa wa Jumamosi. Chini ukumbini watu walikuwa wanaangalia mpira, na nje upepo wa Dodoma ulikuwa unafanya yake. Mwalimu alikuwa amejifunika gubigubi. Mimi na Injinia tulikuwa tumefika mwaka wa 12, na bosi alisema hivi: kila namba inayoingia itoke ikiwa imezidishwa mara 40. Lengo ni amri 14, hatua 56.

Kwa kuwa laptopu ilikuwa moja, tukakubaliana kila mtu aandike kwenye karatasi yake kwanza, halafu tujaribu kwa zamu. Anayefika 14 wa kwanza analishwa chipsi mayai kwenye banda la nje ya geti. Boom, yaani pesa za mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limeshayeyuka siku nyingi, kwa hiyo dau hilo halikuwa la utani.

Mimi nilianza kama alivyonifundisha mwalimu wangu wa darasa la tatu. Arobaini ni kumi mara nne. Basi: chukua namba, weka nakala kwenye kigae, jumlisha kigae hicho mara tisa, sasa umeshika kumi za namba ile. Weka nakala ya hizo kumi palepale, jumlisha mara tatu, una arobaini. Peleka. Rudi mwanzo. Nikaiingiza kwenye mashine, nikamruhusu karani, na yule bwana akaanza safari zake za kwenda na kurudi kigaeni mpaka nikamwonea huruma. Namba zote zikatoka sawasawa. Amri 17.

“Umefaulu,” Injinia akasema bila kuinua kichwa. “Kwa D.”

Nikairudia karatasi yangu. Hesabu ilikuwa sahihi, kwa hiyo hapakuwa na cha kusahihisha. Kilichotakiwa ni kupunguza, na kupunguza kitu kilicho sahihi ni kazi ya ajabu, kwa sababu kila ukigusa mstari unaona unaharibu. Zile arobaini kutoka kumi zilikuwa zimekula amri nne, na hapo sikuona pa kubana. Mzigo ulikuwa kwenye kumi yenyewe. Kumi tu imetumia amri kumi: nakala moja na jumlisha tisa zilizofuatana kama watoto wa shule kwenye foleni ya uji.

Nilitazama zile jumlisha tisa kwa muda mrefu. Mpira uliisha ukumbini, watu wakapanda ngazi wakibishana kuhusu penalti. Na sijui kwa nini kilichonijia kilikuwa Muheza, kibarazani kwa bibi yangu, msimu wa machungwa. Bibi alikuwa hahesabu moja, mbili, tatu. Alikuwa anapanga mafungu ya matano, na akitaka kumi anasogeza fungu kando ya fungu, basi. Hajawahi kuhesabu kumi maishani mwake. Alikuwa anahesabu tano, kisha anaongeza nyingine kama hiyo.

Tano: weka nakala, jumlisha mara nne. Hizo amri tano. Kumi: weka nakala ya hiyo tano, jumlisha mara moja. Hizo mbili. Saba badala ya kumi.

Nilihesabu orodha kwa ncha ya kalamu, nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Kumi na nne.

Watu huniuliza kuna raha gani kucheza kitu kinachofanana na kazi, na sijawahi kuwa na jibu zuri, lakini dakika ile naijua. Jibu la mara arobaini nilikuwa nalo saa nzima. Kilichotokea ni kwamba mistari mitatu imeondoka na hakuna kilichoanguka, na karani, ambaye hajui kitu, sasa anakwenda kigaeni mara chache kuliko mwanzo na anatoa namba zilezile. Na hakukuwa na mtu wa kumshawishi. Insha zangu za Historia nilikuwa nazikabidhi na kusubiri wiki nyingi mtu mwingine aamue kama nimefikiri vizuri, na wakati mwingine alama ikirudi sielewi imetoka wapi. Hapa nilibonyeza, karani akatembea, ikaandikwa 14 na 56, na mjadala ukafungwa.

Haukufungwa, kusema kweli. Nilipoinua macho nikamkuta Injinia naye amenyoosha karatasi yake. Kumi na nne.

Nikadhani ameniibia. Nikaisoma, na haikufanana na yangu hata kidogo. Yeye tano hakuiona kabisa, wala kumi. Alikuwa anajumlisha namba na yenyewe: moja inakuwa mbili, mbili inakuwa nne, nne inakuwa nane. Hapo nane anaiacha salama kwenye kigae chake, anaendelea mpaka 16, ambayo anaiweka kwenye kigae cha pili ili asiifute ile nane, anafika 32, kisha anarudi kuichukua nane yake. Thelathini na mbili na nane, arobaini. Aliniambia kwamba hapo kwenye kigae cha pili ndipo alipokwama muda wote ule, maana kila alipofika 32 alikuta nane ameshaifuta mwenyewe.

Tukaingiza yake. 14, hatua 56. Karani aliitekeleza kwa uso uleule.

Ubishi ulioanza hapo ulikuwa mkubwa kuliko ule wa penalti. Injinia alidai njia yake ndiyo ya kitaalamu, kwamba kompyuta zenyewe zinafikiri kwa mbili mbili, na yangu ni ya sokoni. Nikamwambia sokoni ndiko hesabu zilikoanzia. Laiti ningekuwa nimeshasoma wakati ule habari za papirasi ya Rhind, hati ya kale ya hesabu, ningemnyamazisha palepale: mwandishi wa Misri ya kale aitwaye Ahmes aliinakili yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, leo ipo British Museum, na humo kuzidisha kunafanywa kwa kuongeza namba maradufu mstari baada ya mstari, kisha kuchagua mistari inayokupa jumla unayoitaka. Nane na thelathini na mbili, hivyohivyo. Nilipomweleza muhula uliofuata hakutikisika. Alisema basi Ahmes alikuwa injinia.

Lakini usiku ule, katikati ya makelele, tulibadilishana karatasi, na nakiri kuwa kuisoma ya kwake kulinipa raha ya pili. Nilikuwa nimekaa na huyu mtu mwaka mzima, najua anakunywa chai na sukari vijiko vingapi, lakini sikuwahi kujua kwamba akiona arobaini anaona nane imejificha ndani yake. Mimi ningekaa mpaka asubuhi nisiione. Naye alinitazama nilipomweleza machungwa ya bibi kama mtu anayesikia lugha ya wageni, kisha akachukua kalamu na kuanza kutafuta 13 kwa kuchanganya njia zote mbili. Tukatafuta wote. Tukajaribu hata kupita lengo na kurudi nyuma kwa kutoa. Tulipata 14 nyingine, ya kutengeneza kumi kutoka nane na mbili, na ilitukera zaidi kuliko kutufurahisha. Kumi na tatu hatukuiona.

Ndipo shuka likafunuliwa.

“Shikamoo, Mwalimu. Tusamehe.”

“Marahaba. Leteni hayo madaftari.”

Alivaa miwani, akakaa kitako, akasoma karatasi mbili kwa utaratibu wa mtu aliyesahihisha maelfu ya madaftari. Alituuliza kila amri maana yake nini, kisha akafuata orodha kwa kidole, midomo ikitembea. Alichukua kalamu nyekundu mezani kwake, akaweka vema kwenye yangu, akaweka vema kwenye ya Injinia.

“Haya. Na huyo bosi wenu angetaka mara 41?”

Tukanyamaza. Halafu kila mtu akamnyang'anya karatasi yake.

Kwangu ilikuwa rahisi: tangu kumi na kuendelea nitumie kigae kingine, ili namba ya kwanza ibaki palepale nilipoiweka mwanzo, na mwishoni niijumlishe mara moja tu. Amri 15, vigae viwili. Injinia alipata 15 pia, lakini yeye ilibidi ahifadhi namba ya kwanza, ahifadhi nane, na bado abaki na mahali pa kuweka 16. Vigae vitatu.

“Nimeshinda,” nikasema.

“Vigae havihesabiwi,” akasema Injinia. “Soma malengo. Kuna amri na kuna hatua. Vigae wapi?”

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Tukamgeukia Mwalimu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shuka bila haraka yoyote, akasema kwamba dau lilikuwa aliyeshindwa amlishe aliyeshinda, na kwa jinsi anavyoona hakuna aliyeshindwa. Tukakubali. Tena hakuna aliyeshinda. Hilo nalo, shingo upande, tukakubali. Kwa hiyo, akasema, chipsi zitanunuliwa na nyie wawili kwa kuchangia, na atakayekula ni aliyeamshwa saa sita usiku kuamua kesi.

Injinia alianza kutaja kanuni. Mwalimu alikuwa ameshajilaza tena na kugeukia ukutani.

“Na mishkaki miwili,” akasema kutoka ndani ya shuka. “Lile swali la 41 sikulitoa bure.”