Siku Moja na Kobe wa 1966: Muziki Uingie, Tobo Lisionekane

Saa 12 asubuhi

Chai sijanywa, nipo stendi ya mabasi kuchukua boksi lililokuja na basi la jana kutoka Dar. Nimelisubiri siku nne. Niliagiza spika mbili za gari za inchi 4, na hata risiti waliyonitumia inasema inchi 4. Nalifungua palepale juu ya tanki la pikipiki, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Inchi 6 na nusu. Zote mbili.

Napiga simu dukani. Jamaa anacheka: "Si kubwa ndiyo nzuri, fundi?" Kwa gari jingine, sawa. Kwa Volkswagen ya zamani ninayoshika leo, ikizidi inchi 4 haipiti nyuma ya wavu wa dashibodi, itabidi nikate bati. Na kukata bati ndicho kitu pekee nilichokatazwa.

Saa 1 na nusu

Karakana yangu ni turubai, meza mbili na mwembe. Hapa Tabora mwembe si sifa, kila mtu anao, ila ikifika Novemba inabidi niyasogeze magari ya watu maana embe likidondoka kutoka juu linaacha bonde kwenye paa. Leo bado hatujafika huko.

Mzee anaingia taratibu na gari lake. Volkswagen ya 1966, ile tunayoiita kobe, rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda. Injini nyuma, tanki la mafuta mbele, na mlio ambao ukiusikia hata kwa mbali hauulizi ni gari gani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka. Sharti langu unalikumbuka?"

"Nalikumbuka. Tobo hata moja."

"Hata la skrubu."

Alistaafu reli. Gari hili amekaa nalo zaidi ya miaka arobaini, na wajukuu zake wamemsumbua aweke redio ya kioo cha kugusa na spika za milangoni. Alivyoniambia mara ya kwanza alisema hivi: "Mimi nilinunua gari, sikununua televisheni." Nikampenda hapohapo.

Shida yake ni kwamba redio ya asili imekufa, na kifo chenyewe kina historia. Kobe za miaka ile zilitoka kiwandani na umeme wa volti 6. Miaka ya nyuma fundi fulani akaligeuza hili kuwa la volti 12: akabadilisha betri, dainamo, koili na balbu. Kazi nzuri, gari linawaka kwa ufunguo mmoja. Ila redio aliisahau. Siku ilipowashwa ikapokea volti 12 badala ya 6, ikatoa moshi mwembamba, na dashibodi ikawa bubu mpaka leo.

Saa 2 na robo

Kwanza namalizana na Toyota IST iliyokuja bila miadi. Redio za magari yanayotoka Japani zimefungwa kwenye masafa ya kwao, yanayoanzia megahezi 76 na kuishia karibu na 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo mtu ananunua gari la mamilioni halafu anasikiliza stesheni moja na shhhh. Nachomeka kile kidude tunachokiita ekspanda kati ya antena na redio, kinazishusha stesheni zetu ziingie kwenye masafa ya redio hiyo, dakika kumi, elfu kadhaa mfukoni. Kazi hizi ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Kobe analipa kitu kingine.

Saa 3

Sasa naingia kazini. Kitu cha kwanza kwenye gari hili ni kunyanyua kiti cha nyuma, kwa sababu betri iko chini yake. Hapo pana hatari watu wengi hawaijui: springi za kiti ni chuma, na mtu mnene akikaa zikashuka zikagusa vichwa vya betri, cheche zinatoka na majani ya kiti yanashika moto. La mzee halikuwa na kifuniko cha betri. Nakata kipande cha mpira wa tairi la ndani, nafunika. Hicho simtozi.

Nafungua hasi ya betri, naenda mbele. Uzuri wa kobe ni kwamba nyuma ya dashibodi unapafikia kupitia buti la mbele, ukishatoa kadibodi inayoziba. Ubaya wake ni kwamba tanki la petroli liko hapohapo kifuani kwako. Sitaki mtu na sigara karibu, na pasi ya kulehemu haiingii humo kabisa, kila kiungo nitakilehemu mezani.

Spika ya zamani inatoka. Ni moja tu, yenye umbo la yai, na karatasi yake mende wameila ukingo mzima kama chapati. Mzee anaiomba, anaishika kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo ilinitangazia matokeo ya mpira miaka yote ile," anasema. Nampa gazeti la kuifungia. Ukweli ni kwamba ningekuwa na karatasi mpya ya saizi ile ningeivalisha. Sina.

Saa 5

Spika ya inchi 4 nitaipata wapi leo Tabora? Natuma dogo wangu kwa jamaa anayeuza vipuri vya mtumba. Anarudi na spika tatu zilizotolewa kwenye milango ya magari ya Kijapani. Hapa nina msimamo wangu, na wenzangu wengi hawaupendi: spika ya mtumba ya kiwandani yenye karatasi nyepesi inaimba vizuri zaidi kwa umeme mdogo kuliko spika mpya yenye maandishi ya dhahabu "wati 1000". Piga hesabu ya fyuzi. Fyuzi ya ampea 10 kwenye volti 12 inapitisha wati 120, basi. Hizo 1000 zinatoka wapi? Dainamo la volti 12 la kobe lenyewe, likifanya kazi kwa nguvu zote, linatoa kama ampea 30, na taa, honi na waipa vyote vinakula humohumo.

Nazipima kwa mita. Spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ikiwa nzima huonyesha kama 3.4 hivi. Ya kwanza inaonyesha 3.5, ya pili haionyeshi kitu, koili imekatika. Ya tatu 3.3, lakini nikisukuma karatasi yake kwa vidole inakwaruza, maana yake koili inasugua sumaku. Nachukua ya kwanza.

Alama za chanya na hasi zimefutika. Nachukua betri ndogo ya saa ya ukutani, volti 1.5, nagusisha kwenye pini mbili. Karatasi ikiruka nje, pini iliyoguswa na chanya ndiyo chanya. Ikivutwa ndani, geuza. Dogo alikuwa anaona huu ni uchawi wa wazee mpaka nilipomwonyesha spika mbili zilizounganishwa kinyume: zote zinapiga, lakini besi imepotea, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta.

Nachora umbo la spika ya zamani juu ya plaiwudi ya milimita 6, nakata, natoboa matundu manne palepale yalipokuwa ya ile ya yai, katikati nafungua duara la kuingiza spika ya inchi 4. Kibao hiki kitakaa kwenye skrubu zilezile za kiwandani. Mbele yake nagundisha kitambaa cheusi chepesi, maana karatasi ya spika hii inang'aa na ukichungulia kwenye wavu ungeiona.

Saa 7

Ugali, mgebuka wa Kigoma na mlenda. Mzee anakula nasi, anakataa kijiko.

Katikati ya tonge umeme unakatika.

Saa 8

Haujarudi. Nimebakiza kulehemu waya zote za redio, na ndiyo sehemu isiyo na njia ya mkato. Nafanya alivyofanya fundi aliyenifundisha: ncha ya shaba iliyochongwa inawekwa kwenye jiko la mkaa mpaka ibadilike rangi, unalehemu viungo viwili, unairudisha. Dogo anapepea. Kazi ya nusu saa inakuwa saa moja na nusu.

Redio ya asili nimeibakiza uso wake wote: kioo, sindano, vifundo viwili, vitufe vitano. Ndani nimetoa kilichoungua na kuweka kibao kidogo cha FM na Bluetooth. Vitufe vyake vidogo nimevificha ndani ya kisahani cha majivu cha dashibodi. Mzee aliacha sigara zamani. Ukikifungua unachagua stesheni, ukikifunga gari ni la 1966.

Kifundo cha kushoto, kile cha asili, bado kinaongeza na kupunguza sauti, na hapa ndipo nilipobishana na wenzangu wiki nzima. Kifundo hicho kina njia moja tu ya sauti, wakati kibao kinatoa kushoto na kulia. Mmoja akaniambia kata kifundo, weka kipya. Mwingine akasema zikutanishe tu waya za spika. Huyo wa pili ataunguza vitu vya watu: ukikutanisha waya zinazotoka kwenye amplifaya za siku hizi, pande mbili zinapigana, chipu inakufa. Sauti unaichanganya mapema, ikiwa bado ndogo: kila upande unapita kwenye rezista ya omu 1,000, halafu zinakutana, zinaingia kwenye kifundo, ndipo ziende kwenye amplifaya. Inakuwa mono, yaani njia moja ya sauti. Na iwe mono. Mzee anachosikiliza ni taarifa ya habari na bendi zilizorekodiwa mono tangu mwanzo. Stereo ya nini?

Na zile inchi 6 na nusu? Sikuzirudisha. Nyuma ya kiti cha nyuma cha kobe kuna shimo la mizigo. Nimetengeneza boksi la plaiwudi linaloingia humo kwa kubanana, bila skrubu, nikalivika zulia la kijivu linalofanana na lililopo. Spika mbili ndani, nimeziunga kwa kufuatana ili omu 4 na 4 ziwe 8. Ukiziunga sambamba zinakuwa 2 na amplifaya yangu ndogo itachemka. Kwa omu 8 zinapata nusu ya nguvu ya ile ya mbele, ndivyo ninavyotaka: sauti itoke mbele mahali pake, nyuma ijaze besi tu, mtu asijue inatoka wapi.

Saa 10 na nusu

Umeme umerudi, hauna kazi tena. Tunarudisha hasi ya betri, nawasha redio injini ikiwa imezimwa. Safi. Mzee anatoa flashi, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz za ujana wake, dogo anazihamishia kwenye simu. Gitaa linatoka kwenye wavu pembeni ya mita ya mwendo kama halijawahi kunyamaza.

Tunawasha injini. Wiiiiii, mlio mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Ni dainamo linaimba ndani ya spika. Nilikuwa nimefunga hasi ya redio mbele na hasi ya amplifaya nyuma, kosa langu mwenyewe. Nazileta zote mbili kwenye bolti moja, mlio unakufa.

Saa 12 kasorobo

Mzee anazunguka gari. Anainama, anapapasa milango, anachungulia chini ya dashibodi kwa tochi ya simu. Anaingia, anafunga mlango, anasikiliza wimbo mzima bila kusema. Halafu ananiita.

"Mwanangu, taa ya redio nyeupe hii. Ilikuwa ya njano."

Kweli. Nilikuwa nimeweka LED. Naitoa, natafuta kwenye kopo la balbu kuukuu mpaka napata ya waya, ya volti 12. Naichomeka. Kioo kinakuwa rangi ya asali.

"Hapo," anasema.

Analipa, anaweka spika ya zamani iliyofungwa kwenye gazeti ndani ya buti la mbele, pembeni ya tairi la akiba, anaondoka kuelekea Cheyo. Nasimama barabarani kusikiliza kama ule mlio umerudi. Nasikia injini tu.