Kumbukumbu ya mradi: bakapu ya nyumbani inayokatika usiku

Kwa wanaojiunga sasa: kisanduku changu cha bakapu, yaani cha kuhifadhia nakala za akiba, ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo yenye diski ya nje ya TB 2, imekaa juu ya kabati karibu na ruta. Kila saa nane usiku laptopu za hapa nyumbani huisukumia mafaili kwa rsync, programu ya kunakili mafaili. Picha zangu na nyaraka za mama hazina uzito wowote. Mzigo ni wa mdogo wangu anayepiga video za harusi. Ndiye aliyeanza kunitumia ujumbe asubuhi: "Kaka, bakapu imegoma tena."

Kosa namba 12

Laptopu yake ilidai muunganisho umefungwa ghafla, kosa namba 12. Ukisoma hivyo unakimbilia mtandao, na mimi nilianzia huko: nikaitoa kwenye Wi-Fi, nikaichomeka kwenye ruta kwa waya. Kasi ikapanda vizuri, halafu ikafia palepale. Faili ndogondogo zinapita bila shida, ikifika zamu ya video ya GB kadhaa, kimya.

Namba 12 inakueleza tu kwamba mazungumzo na mashine ya pili yamekatika. Kwa nini yamekatika, kaulize huko. Nikaingia kwenye Pi na kufungua dmesg, yaani kumbukumbu za mfumo wenyewe, na huko habari zilikuwa zimejaa: volti imeshuka, diski ya USB imejitoa, diski imetambuliwa upya, safari hii kwa jina sdb badala ya sda. Laptopu haikuwa na namna ya kuyajua hayo.

Amri ya vcgencmd get_throttled, inayoonyesha hali ya umeme wa Pi, ikajibu 0x50005. Ile 5 ya mwisho maana yake umeme uko chini sasa hivi na prosesa imepunguzwa kasi. Ile 5 ya mbele inasema mambo hayohayo yameshatokea tangu mashine iwashwe. Pi hulalamika volti ikishuka chini ya takriban 4.63. Nikaweka kipimo kidogo cha USB katikati ya chaja na Pi, nikakitazama diski inapoamka: mlio mfupi, sahani zinaanza kuzunguka, na namba inaporomoka kutoka 5.0 hadi 4.5 kabla ya kupanda tena. Kwa diski, nusu volti hiyo inatosha kuizima.

Chaja yenyewe ilikuwa ya simu, imeandikwa volti 5 ampea 3. Kuandika ni kazi rahisi. Chaja rasmi ya Pi 4 ni ya volti 5.1, na hiyo pointi moja inafidia kinachopotea njiani kwenye waya. Tena matundu yote manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2 tu, na diski inayozunguka huhitaji umeme mwingi zaidi inapoanza kuliko ikishashika mwendo. Sasa Pi ina chaja yake rasmi, diski imehamia kwenye habu ya USB (kigawanya matundu) yenye chaja yake yenyewe, na jibu la amri ile ni 0x0, yaani hakuna lalamiko. Video ya harusi yote ikapita usiku uleule.

Memori kadi kujaa

Hili lilinifurahisha zaidi, japo halikuwa la kufurahisha. Umeme wa mtaani ulikatika, ukarudi, Pi ikawaka haraka kuliko diski. Kwenye fstab, orodha ya diski za kupachikwa mashine inapowaka, kuna neno nofail, ambalo huiambia mashine iendelee kuwaka hata diski isipoonekana. Ikaendelea. Kwa hiyo /mnt/ghala, mahali diski inapopachikwa, ikabaki folda tupu ndani ya memori kadi ya GB 32. Saa nane rsync ikaja, haikuona nakala za jana, ikaanza kumwaga kila kitu upya hapo hapo hadi kadi ikajaa pomoni.

Asubuhi nikaizima na kuiwasha, diski ikapachikwa vizuri, kila kitu kikaonekana salama. Ila df, amri ya kuonyesha nafasi iliyotumika, inasema kadi imejaa asilimia 100, na du, inayopima folda, ikijumlisha zote inapata GB 5 na kidogo. Nyingine ziko wapi? Zilikuwa chini ya diski. Ukipachika diski juu ya folda, vilivyokuwemo ndani ya folda hiyo havionekani tena, ni kama takataka zilizofagiliwa chini ya mkeka. Nikaipachua diski kwa amri ya umount, nikafungua /mnt/ghala, nikazikuta zote zimelala pale.

Dawa ni mbili. Skripti ya bakapu sasa inauliza kwanza kwa mountpoint -q kama diski ipo, isipokuwepo inaacha kazi na kunitumia ujumbe. Na folda tupu nimeifunga kwa chattr +i wakati diski haipo, ili hata root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, asiweze kuandika kitu humo. Ruta na Pi vimepata UPS ndogo, betri ya akiba umeme ukikatika, habu bado.

Kujaribu kurudisha

Jumapili nikatulia nikajaribu kurudisha. rsync, kazi ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras ya mwaka 1996, kwa kawaida hulinganisha ukubwa wa faili na muda liliporekebishwa tu. Faili likiharibika ndani ya diski bila hayo mawili kubadilika, hupita kama zima. Nikaendesha rsync -nacv, ambayo husoma kila kitu bila kugusa chochote. Ilichukua mchana kutwa. Video moja ikatoka tofauti, na tarehe yake inaangukia kipindi cha chaja ya simu.

Nikafikiri nitaichukua nakala ya wiki iliyopita. Haikusaidia. Natumia --link-dest, kila siku ina folda yake inayoonekana kamili, lakini faili lisilobadilika ni lilelile moja lenye majina mengi. Likioza, limeoza kwenye siku zote. Bahati nzuri, video ya asili ilikuwa bado kwenye laptopu, na rsync -ac ikaandika nakala mpya.

Mdogo wangu alikuwa anataka kufuta ya asili ili apate nafasi. Nimemwambia asiguse mpaka diski ya pili iingie, ile itakayokaa kwa dada na kuja hapa mara moja kwa mwezi. Bei nimeshaulizia; nasubiri alipwe harusi ya mwisho wa mwezi, maana mzigo ni wake.