Tukuyu na watoto: msianze na Ziwa Ngozi kama mimi

Likizo ya Juni tulienda kwa wakwe Tukuyu, mimi na watoto watatu, mume wangu akakaa siku nne akarudi Dar na basi akatuachia gari. Sasa mimi simu ilishajaa picha za Ziwa Ngozi, lile lililo kwenye kreta, yaani shimo la volkano juu mlimani, tangu mwezi wa nne, nikatangaza mezani kwamba kesho asubuhi tunaanza na Ngozi. Mama mkwe akaniangalia akauliza, "Na huyu mdogo je?" Nikamwambia mama huyu ana miaka mitano, anatembea vizuri tu. Akasema "haya." Jamani, mama wa Kinyakyusa akikwambia haya ujue kashamaliza kubishana, anasubiri matokeo.

Njia ya Ngozi unaikuta barabara kuu ya Mbeya–Tukuyu, mitaa ya Isongole, unachukua kijana wa kukuongoza mnaingia msituni. Mwanzo raha, migomba pori mikubwa, ndege, watoto wanaimba. Baadaye inaanza kupanda na haijui kuacha kupanda, tope linanata kwenye raba, na kipande cha mwisho unatembea kwa mikono kabisa, unashika mizizi unajivuta. Kitinda mimba wangu aligoma nusu ya safari akakaa chini kama gunia, yule kijana akambeba mgongoni mpaka juu na mpaka chini, nilimwongeza hela bila kuombwa. Tukafika kileleni hatuoni kitu, ukungu mweupe kama tumefunikwa na shuka. Tumekaa, tumekula mayai yote ya kuchemsha, ndiyo pazia likafunguka dakika kama tano hivi na ziwa likaonekana huko chini kabisa, kijani, limetulia, umbo lake kweli linafanana na ramani ya Afrika kama wanavyosema. Mkubwa wangu wa miaka 13 alinyamaza kimya, na huyo huwa hanyamazi. Wa katikati akauliza, "Mama, tunaogelea wapi?"

Hakuna kuogelea pale. Kuta za kreta zinashuka wima, na wenyeji wanalihesabu ni ziwa la mizimu, watu wanalifuata kwa mambo ya dawa siyo kwa kuogelea na maboya. Kwa hiyo ushauri wangu, Ngozi ni ya mtoto wa miaka kumi kwenda mbele, na siyo siku ya kwanza. Tulirudi nyumbani tumepakaa tope mpaka masikioni, mama mkwe katuwekea maji ya moto tayari, ndoo tatu. Alishajua.

Kesho yake sikupanga kitu, tukashinda barazani tunakula ndizi na maziwa mgando tunautazama mlima Rungwe, mita 2,960 na nusu yake mawingu. Babu yao akawasimulia habari za kipunji, kima wa misitu ya huko juu ambaye wanasayansi wamekuja kumjua mwaka 2003 tu, wakati wawindaji wa Rungwe walikuwa wanamtaja miaka yote na hakuna aliyewasikiliza.

Sasa Daraja la Mungu ndiyo nilipaswa kuanza nalo. Unakwenda na gari mpaka karibu kabisa, unashuka unatembea kidogo, mbele yako mto Kiwira unapita chini ya daraja la mwamba ambalo hakuna fundi aliyelijenga, ni uji wa volkano uliganda na maji yakajitobolea njia kwa chini. Mtoto wa miaka mitano anaelewa bila maelezo. Ila hakuna vizuizi vya maana, mawe yanateleza, kwa hiyo unamshika mkono mwanao muda wote, siyo unashika simu. Kutoka hapo mkasogee Kijungu, iko ndani ya eneo la chuo cha Magereza, unajiandikisha getini na kulipia kiingilio. Mto mzima unajikusanya unatumbukia kwenye shimo la jiwe kama chungu, unanguruma, halafu unatokea pengine. Wa katikati alitupa majani makavu kama ishirini aone lipi litatoka. Tulikaa pale saa nzima na nusu kwa sababu ya majani makavu.

Kaporogwe sisemi sana, maporomoko mazuri yenye pango kwa nyuma ya maji, tulinyeshewa tukakimbia. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, koti la mvua siyo kwa ajili ya masika tu, ni nguo ya kawaida, hata Juni beba.

Safari niliyoipenda mimi ni ya Matema. Tulipita njia ya Masoko, vumbi na makorongo ila kuna ziwa dogo la kreta palepale pembeni ya barabara, na majengo ya mawe ya Wajerumani yanayolitazama. Wazee wanasema Wajerumani walipozidiwa kwenye vita ya kwanza walizitupa hela zao humo ziwani, na kuna watu mpaka leo wanazamia. Unaweza kukisia wanangu walishinda wapi na macho yao. Ukishashuka kuelekea Kyela joto linakupiga kofi, masweta yote yanavuliwa, migomba inapungua inaingia mipunga na mikakao. Mikakao! Mimi mwenyewe mtu mzima sikuwahi kuiona. Tukaomba kwenye nyumba moja ambako walikuwa wameanika mbegu kwenye turubai uani, bibi wa pale akatuonyesha tunda linavyoota kwenye shina lenyewe wala siyo kwenye tawi, manjano, kama papai lililokunjamana. Akalipasua na panga kwa pigo moja, ndani mbegu zimepangana zimevaa utelezi mweupe. Akawapa wanyonye. Utamu wake kama stafeli yenye limao. Kitinda mimba akanyonya, akasubiri, akasema "mbona chokoleti haiji?" Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Tukamwambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akafurahi zaidi, akatupa mbegu kumi mbichi kwenye kipande cha jani la mgomba.

Matema yenyewe ni ufukwe wa Ziwa Nyasa, mchanga, na Milima ya Livingstone inashuka mpaka majini. Juni kuna upepo wa kusini na mawimbi kama ya baharini, kwa hiyo asubuhi ndiyo wakati wa kuogelea na watoto, na waulizeni wenyeji wapi pa kuingilia, msikaribie midomo ya mito sababu mamba wapo. Samaki mbasa wa kukaanga na wali wa Kyela sina la kuongeza.

Kama mnaweza, pangeni iwe Jumamosi. Kuna soko la vyungu Lyulilo, karibu na Matema, kinamama wa kabila la Wakisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi. Hawatumii gurudumu, ni mikono tu, nilimwona mmoja anazungusha udongo kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, kidole gumba ndani, vidole vinne nje, ukingo unapanda wenyewe kama unafufuka, hata hatazami, anapiga soga na jirani yake. Chungu kikikauka anakisugua na kijiwe kinang'aa, halafu anachora nyekundu na nyeupe. Mkubwa wangu, yule asiyenyamaza, aliketi chini pembeni yake bila kuambiwa na akapewa donge la udongo. Lake lilianguka mara nne. La tano lilisimama, likawa na umbo la kikombe cha mlevi, yule mama akasema liacheni nitalichoma na mengine, mkirudi mtalikuta.

Tulinunua vyungu viwili, nikavifunga kwenye kanga na nguo chafu, kimoja kikafika Dar na ufa. Hicho ndicho kitinda mimba kakijaza udongo akapanda zile mbegu kumi za kakao. Anamwagilia kila siku kabla ya shule. Saba zimeoza, tatu bado tunazisubiri.