Mkono mtupu

Assalaam alaykum warahmatullah ndugu zangu. Wiki hii naleta habari ya kobe, mnivumilie.

Jumapili baba watoto alipata nafasi, tukasema leo leo, twendeni Changuu. Watoto ni watatu, mkubwa ana miaka tisa, wa mwisho minne. Sisi watu wa Mjini hapa Unguja kisiwa kile tunakiona kila tukisimama Forodhani, lakini mara ya mwisho mimi kukikanyaga nilikuwa msichana. Tukafunga maandazi, mayai ya kuchemsha, juisi ya ukwaju, na mafungu mawili ya mchicha kutoka sokoni Darajani kwa kuwa jirani alinambia kobe wanaupenda. Kwa boti ni kama nusu saa tu. Wa kati alitapika njia nzima, hilo tuliache.

Huyo wa kati alikuwa na hamu ya kuwaona wafungwa, maana amesikia wageni wakikiita Kisiwa cha Jela. Ikabidi baba yake amweleze kuwa jengo lilijengwa kweli miaka ya 1890 liwe jela, lakini hakufungwa mtu mle, wakaja kuwekwa abiria wa meli waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. "Sasa kwa nini wanaiita jela?" Baba yake akampa yai.

Kobe wenyewe si hawa wa kwenye vichaka vya shamba. Mgongo wa mmoja ulinipita goti, na juu ya gamba wameandikwa umri kwa rangi. Mkubwa wangu akawa anapita akisoma namba kwa sauti: huyu kampita bibi, huyu kampita hata bibi yake bibi. Walianza wanne. Mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli aliwatoa kisiwa cha Aldabra akawaleta huku zawadi. Wakazaana, na kufikia 1955 walikuwa kama 200. Halafu watu wakaanza kuwaiba, wengine kuwauza nje wafugwe, wengine kuwala, mpaka 1996 wakabaki saba. Ndiyo sababu leo wamezungushiwa uzio na wachanga wanawekwa mahali pao mpaka wakue. Nilimtazama yule kobe mkubwa akinyoosha shingo kwa kila mkono unaomjia, nikajisemea, kiumbe mwenye imani na watu namna hii, akiwa bado mdogo wa kubebeka, kumwiba ni kazi gani?

Wa mwisho alichuchumaa mbele ya kobe mmoja, hakutaka kwenda kwa mwengine. Ngozi ya shingo imelegea kama soksi iliyovutika, mdomo mgumu kama mkasi butu. Anakamata jani kwenye kikonyo, anavuta, anameza bila haraka, na kipande cha kijani kinabaki kimening'inia pembeni. Mtoto akawa anampa jani moja moja ili mchicha usiishe. Ukaisha. Akafumba ngumi, akaipeleka mbele ya pua ya kobe kama vile ana kitu. Kobe akanyoosha shingo, akaburura miguu, hatua moja, ya pili. Mtoto akarudi nyuma huku anacheka. Tena. Na tena.

Nikamwambia, "Usimfanyie hivyo, unamdanganya."

"Kwani anajua?"

"Mungu anajua."

Akafikiri kidogo, akakunjua vidole, akamwonesha kobe kiganja. "Hamna. Umekwisha."

Ndugu zangu, nilijiona mama. Papo hapo nikaanza kuitunga tafakari kichwani. Nikakumbuka kisa wanachotusimulia darasani cha mwanachuoni aliyesafiri masafa marefu kwenda kupokea hadithi kwa mtu fulani. Alipofika akamkuta anamwita farasi wake aliyemtoroka, amekunja nguo kama aliyebeba shayiri, na ndani hamna kitu. Mwanachuoni akageuza safari, hakumuuliza hata hadithi moja. Mtu anayemdanganya mnyama, ataaminiwaje kwa maneno ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam? Nikasema Ijumaa hii nimeshapata la kuwaandikia.

Mara nahodha akapiga mluzi, maji yanatoka. Tukakusanya vitu, na yule wa mwisho, bibi mdogo, hataki kunyanyuka. Nikambembeleza, nikamtisha kidogo, watu wameshaanza kutugeukia. Nikainama nikamwambia, "Twende mwanangu, kesho tutarudi na mchicha mwingi."

"Kesho?"

"Kesho, inshaallah."

Akanyanyuka hapo hapo, akanipa mkono. Katika boti akalala mapajani mwangu, na mimi kesho ile nikaisahau kabla hatujafika pwani.

Jumatatu alfajiri, nimetoka kuswali, namkuta amesimama mlangoni na viatu vyake vya Jumapili, kavaa mguu siyo. "Mama, ndo kesho?"

Iko hadithi katika mkusanyo wa Abu Daud ya Abdullah bin Aamir, Allah amridhie. Anasimulia kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimwita, njoo nikupe kitu, na Mtume yuko pale nyumbani kwao amekaa. Mtume akamuuliza yule mama, ulikusudia kumpa nini? Akasema, tende. Akamwambia kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Nimeisikia hadithi hii tangu niko chuoni, na siku zote nilimtazama mtoto. Safari hii nimemtazama mama. Alikuwa na tende. Kuna mtu alimuuliza mbele ya mwanawe una nini mkononi, na akawa na la kujibu.

Mimi ningesema nini? Nimesema inshaallah. Na hapo ndipo paliponiuma zaidi. Katika Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, Mwenyezi Mungu anamkataza Mtume wake asiseme juu ya jambo lolote "nitalifanya kesho" ila aunganishe na kutaka kwake Mola. Wafasiri wanaeleza kuwa watu wa Makka walimuuliza maswali akawaahidi jibu kesho yake bila kusema inshaallah, wahyi ukachelewa. Kwa hiyo inshaallah ni neno la mtu aliyekwishakusudia, ameshafunga mzigo, amebakisha idhini ya Mola wake tu. Sisi tumeligeuza pazia. Fundi anakwambia inshaallah na unajua haji. Unaalikwa arusini unajibu inshaallah na nguo hujatafuta. Nyumbani kwangu mkubwa akiisikia kwangu humgeukia baba yake, "Baba, hii inshaallah ya kweli au ya kukataa?" Tulikuwa tunacheka. Jina la Mungu mtoto amelijua kama njia ya mama ya kusema hapana, nasi tunacheka.

Najua nitajibiwa kuwa nakuza mambo. Boti ni pesa, mzazi kachoka, mtoto wa miaka minne kesho kashasahau. Ya pesa nakubali, zipo siku huna na huna. Lakini hapana nayo ni neno. Ningemwambia haturudi karibuni, angelia, ningembeba na kilio chake mpaka kwenye boti, robo saa kingekwisha. Nikijichunguza sawasawa, hata sikukimbia kilio. Niliwakimbia wale waliokuwa wakitutazama. Nilinunua ustaarabu wangu mbele yao kwa imani ya mtoto. Na kusahau hakusahau, viatu hivyo hapo.

Nilikaa chini sakafuni, nikamvua kile kiatu nikakiweka mguu wake. Nikamwambia, "Leo hatwendi. Jana nilikudanganya ili upande boti."

Akaniangalia. "Kama kobe?"

"Kama kobe."

Hakulia. Alinishika mkono, akaufungua vidole kimoja kimoja, akatazama kiganja.

Usiku nikakaa na baba yake tukapiga hesabu, tukaona kitu gani kinaweza kungoja mwisho wa mwezi. Nahodha ameshapewa kishika mkono, tunaondoka asubuhi saa mbili kabla jua halijawa kali, na wa kati atakwenda na ndimu ya kunusa. Mchicha nimenunua tangu jana, mafungu manne yako kwenye friji. Mchana nilitaka kuchomoa moja nipike, nikakemewa, tumekula matembele.

Kesho, inshaallah.