Siku moja maishani mwangu: natengeneza programu za simu kwa laptopu ya GB 8

Watu mtaani kwetu Manzese wakisikia natengeneza programu za simu, wananiletea simu zilizozima niwawashie. Si kosa lao, kazi yenyewe haionekani. Acha leo niwaonyeshe ilivyo.

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, kwa sababu bando la usiku linakatika saa kumi na mbili. Huu ndio muda wa kushusha vitu vizito: Flutter, kifaa ninachojengea programu, ikitoa toleo jipya, na mizigo ya Gradle, kile chombo kinachokusanya vipande vyote na kuvifanya programu moja. Mradi mpya unaweza kula mamia ya MB kabla hujaandika mstari wako wa kwanza. Nikishamaliza naiambia Gradle ifanye kazi bila intaneti, na mchana bando langu linabaki la WhatsApp za wateja.

Saa moja na nusu, chai na chapati, na msimbo. Flutter niliichagua baada ya kupiga hesabu. Ni ya Google, ni ya bure, unaandika mara moja kwa lugha ya Dart na kazi ileile inatoka kwa Android, kwa iPhone, hata kwa wavuti. Android Studio nayo ni ya bure, lakini ukiifungua pamoja na simu yake bandia ndani ya kompyuta, inataka GB 16 za RAM ndipo itulie. Mimi ninazo 8. Kwa hiyo naandikia kwenye VS Code, kihariri chepesi cha msimbo, na simu bandia nimeiacha kabisa. Najaribia kwenye Tecno ya GB 2 yenye kioo kilichopasuka, nimeichomeka kwa waya wa USB, na kwa programu ya bure iitwayo scrcpy skrini yake naiona pale pale kwenye laptopu. Simu hiyo ndiyo mwalimu wangu. Kitu kikiwa kizito, inaganda mbele ya macho yangu kabla haijaganda mkononi mwa mteja wa mtu.

Saa nne nikapanda mwendokasi kwenda Kariakoo.

Mteja wangu anauza vitenge na kanga kwa jumla. Wateja wake wako Songea, Sumbawanga na Kigoma, na anataka waone mzigo na kuagiza kwenye simu badala ya kumpigia usiku kucha. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda katikati ya marobota. Kabla sijafungua laptopu akaniuliza, "Binti, hiyo programu unayotengenezea uliinunua shilingi ngapi?"

Nikamwambia ukweli kwamba ni ya bure. Hapo ndipo saa mbili zangu zilipoishia.

"Rahisi ghali," akasema. Mpwa wake kamwambia kwamba makampuni makubwa hulipia vifaa vyao. Halafu akageuka upande wa pili: kama vifaa ni vya bure, yeye ananilipa nini? Mteja wa doti akaja, tukasimama. Akarudi na swali lilelile. Simu ikaita, tukasimama tena. Akarudi, "Haya, nieleze, nakulipa nini?"

Nikamwonyesha fundi wa cherehani aliyekuwa barazani. "Mzee wangu, sindano ya yule fundi bei yake unaijua. Mbona gauni hakushonei kwa bei ya sindano?"

Akanyamaza kidogo, akatoa simu yake mfukoni. iPhone. "Basi anza na hii."

Nikamweleza taratibu. Kuweka programu Play Store ni dola 25, unalipa mara moja tu, na nataka akaunti iwe kwa jina lake, siku nikiondoka asibaki mikono mitupu. Apple ni dola 99 kila mwaka, na programu ya iPhone huandaliwa kwa Xcode, ambayo inakaa kwenye kompyuta za Apple peke yake. Nikamwomba anitajie wateja kumi wa mikoani na simu zao. Akawataja kwa vidole: Tecno, itel, Infinix, Samsung... Hakumpata hata mmoja wa iPhone. Lakini yeye mwenye duka anataka kuiona kwenye yake, na nilimwelewa. Hela ni yake.

Kwa hiyo nikatoa nilichokuwa nimekiandaa alfajiri: kazi ileile, imetolewa kama ukurasa wa wavuti na kuwekwa Firebase, huduma ya Google ya kuweka kurasa mtandaoni, kwenye kiwango chao cha bure. Akafungua kiungo kwenye kivinjari cha Safari. Duara likazunguka muda mrefu, kwa mara ya kwanza huwa hivyo, jasho likanitoka. Kisha vitenge vikatokea, picha moja baada ya nyingine. Akasukuma kidole juu, chini, akasogeza simu karibu na macho.

"Hii kanga mbona umeiandika bei ya zamani?"

Tukakaa tukisahihisha bei mpaka adhana ya alasiri.

Kurudi nilisimama njia nzima. Sikumbuki nilikula saa ngapi. Umeme ulikatika, ukarudi, laptopu ina joto kama pasi. Nikatoa faili la Android: MB 21. Aliye Sumbawanga mwenye simu iliyojaa picha za harusi hatalipokea hilo. Kuna amri ndogo, --split-per-abi, inayoligawa faili kwa aina ya kichakataji cha simu, kila simu ichukue kipande chake tu. Nikairudia kazi yote kwa amri hiyo, feni ikalia, nikasubiri. MB 8.

Akaunti binafsi mpya ya Play Store inadai wajaribu 12 wakae na programu siku 14 mfululizo kabla haijafunguliwa kwa watu wote. Ninao tisa. Saa tano usiku muuzaji wa pale dukani akanitumia picha ya skrini ya itel yake, vitenge vimejaa, chini kaandika, "Dada imefunguka." Wa kumi.