Mwambie mteja apige hesabu kwa mkono

Ukimtengenezea mteja mfumo wa kompyuta, naye akisema "nataka ripoti ya mauzo ya mwezi", usikimbilie kompyuta. Kila mmoja anadhani ameelewa, na ugomvi huanzia hapo hapo. Chukua oda moja: imewekwa tarehe 31 Januari, thamani yake 50,000, ikalipwa tarehe 2 Februari. Tarehe 5 mnunuzi akarudisha bidhaa ya 10,000. Januari iandikwe ngapi, na Februari ngapi?

Anayefuata tarehe ya oda ataipa Januari 50,000, kisha atoe 10,000 Februari. Anayehesabu fedha iliyoingia ataandika sifuri Januari na 40,000 Februari. Wapo pia watakaorudi nyuma na kuishusha Januari iwe 40,000, na hilo ni baya kuligundua mwishoni, maana ripoti iliyokwisha chapwa haitalingana tena na mfumo. Mtengeneza mfumo asiyeuliza atachagua lililo jepesi kwenye hifadhidata yake, tena kimya kimya.

Kwa hiyo andaa oda tano au sita zenye utata: malipo ya nusu, punguzo, oda iliyofutwa, bidhaa iliyorudishwa, na oda ya usiku wa mwisho wa mwezi. Hiyo ya mwisho isidharauliwe: seva nyingi hutunza muda kwa UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, na aliye mbele yake kwa saa 3 ataona oda ya saa saba usiku, tarehe 1, imehesabiwa mwezi uliopita. Mteja ajaze majibu kwenye jedwali akiwa na mhasibu wake. Meneja peke yake hatoshi. Yeye huona jumla tu. Jedwali liambatanishwe na mkataba, na siku ya makabidhiano mfumo upimwe kwalo.

Maneno kama "uwe na kasi" yape namba au yafute. "Utafutaji katika rekodi 200,000 ulete majibu ndani ya sekunde 2, watumiaji 50 wakiwa kazini" unapimika.

Akiomba kitufe cha kupakua Excel, muulize nani atalifungua faili hilo na atalifanyia nini. Mara nyingi utakuta mtu anajumlisha safu mbili na kumtumia bosi kila Ijumaa. Basi mfumo ujumlishe na kutuma wenyewe.

Mabadiliko baada ya saini yaje kwa maandishi, yakitaja mstari wa jedwali unaoguswa na jibu lake jipya. Yasiyogusa mstari wowote ni hitaji jipya, nalo hukadiriwa muda na gharama zake.